Mchoro na Uwanja

Kupanga ni nusu ya kutenda, lakini ni ile nusu isiyotoa jasho. Mtu aketiye mbele ya meza huweza kulivusha jeshi mto, kujenga nyumba ya ghorofa na kuvuna shamba la ekari mia, na asichoke ila vidole. Kwa sababu hiyo mipango hupendeza kuliko matendo, na wapangaji aghalabu huwa na nyuso zilizotulia kuliko watendaji. Ubaya hauko katika kupanga, maana asiyepanga ni kama chombo kisicho usukani. Ubaya huingia pale mpangaji asahaupo kwamba alichokiona mezani kilikuwa mfano wa jambo, wala si jambo lenyewe; na jambo likikataa kuufuata mfano, akamtafuta mtu wa kumlaumu. Kisa cha nahodha mmoja wa mchezo wa kisahani, kijana wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, ni ushahidi wa maneno haya. Mchezo wake ni mdogo mbele ya macho ya dunia, lakini kosa lake ni la watu wengi.

Mchezo huo huitwa Ultimate. Ulianza mwaka 1968 katika mji wa Maplewood, jimbo la New Jersey, miongoni mwa wanafunzi wa shule ya Columbia High School. Joel Silver, ambaye baadaye alipata jina kwa kazi ya filamu, ndiye aliyewaletea wenzake shauri la mchezo. Yeye pamoja na Buzzy Hellring na Jon Hines wakaziandika kanuni za mwanzo. Walicheza usiku, chini ya taa, katika kiwanja cha kuegeshea magari cha shule. Tarehe 6 Novemba 1972 vyuo vikuu vya Rutgers na Princeton vilikutana katika mchezo huu, mara ya kwanza kwa vyuo viwili kushindana, na Rutgers wakashinda kwa 29 kwa 27. Mwaka 1985 likaundwa shirikisho la dunia la michezo ya visahani, na mwaka 2015 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua. Mchezo uliozaliwa kama mzaha wa watoto wa shule ukapata umri wa utu uzima.

Msomaji asiyeujua na afikiri uwanja wa majani wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 37. Katika kila ncha limekatwa eneo la mita 18, na hilo ndilo lango. Kila upande una watu saba. Kisahani ni cha plastiki, uzito wake gramu 175, nacho hurushwa kutoka mkono hata mkono. Aliye nacho haruhusiwi kukimbia. Mguu wake mmoja hukaa kama kigingi, na mlinzi asimamaye mbele yake huhesabu kwa sauti hata kumi. Hesabu ikitimia hajakitoa, au kikianguka chini, huwa mali ya wapinzani. Kikidakwa ndani ya eneo la ncha, hilo ni bao.

Lakini jambo liutofautishalo mchezo huu na michezo mingine mingi si kisahani. Ni kwamba, kwa kanuni za shirikisho la dunia, hauna mwamuzi. Hapana filimbi. Mchezaji aliyemgonga mwenzake hutarajiwa kukiri. Aliyekanyaga nje ya mstari hutarajiwa kusema. Na pakiwapo ubishi, wawili wanaohusika husimama wakasemezana mpaka wapatane, au kisahani kirudi kilikotoka. Kila mtu ni mchezaji, na kila mtu ni hakimu wa nafsi yake. Mgeni asikiapo hayo hucheka, akidhani kuwa mchezo kama huo hauwezi kumalizika pasipo ngumi. Nao humalizika kila siku.

Zamani manahodha wa mchezo huu walipanga mbinu zao kwa chochote kilichopatikana: sarafu juu ya meza, vikombe vya kahawa, chaki ubaoni, au kidole mchangani. Sarafu ikisogezwa, mahali ilipotoka hapakubaki alama, na aliyechelewa kufika hakuona kitu ila sarafu. Siku hizi programu ya kompyuta imeshika mahali pa sarafu. Juu ya kioo huonekana mstatili wa kijani, viduara saba vya rangi moja na saba vya rangi nyingine, na kiduara cheupe ambacho ndicho kisahani. Mpangaji huviburuta kwa kidole, akaviweka anapotaka, akaihifadhi picha hiyo. Kisha huvihamisha, akahifadhi picha ya pili, na ya tatu, hata mbinu itimie. Akibonyeza, kompyuta huziunganisha picha zote, na viduara huanza kutembea kana kwamba vina roho. Usiku uleule mchoro hufika katika simu za wachezaji wote.

Chombo hicho kina faida ambayo haifai kubezwa. Uwanjani macho yote hufuata kisahani, kama macho ya kuku yafuatavyo mkono umwagao mtama. Kumbe mchezo huamuliwa aghalabu na watu sita wasio na kisahani: huyu amekimbia ili amwondoe mlinzi mahali fulani, yule amesimama makusudi ili njia ibaki wazi. Asimamaye chini hawezi kuwaona wote. Atazamaye mchoro kutoka juu huwaona, kama ndege aonavyo shamba. Mchezaji mgeni ambaye angehitaji miezi kuelewa kwa nini aambiwe asikimbie, huelewa kwa kutazama mara mbili tatu.

Nahodha wa kisa hiki alikipenda chombo hicho kwa mapenzi ya kijana. Alikaa nacho usiku baada ya masomo, na pengine kabla ya masomo. Kati ya mbinu nyingi alizozichora ilikuwamo moja aliyoithamini kuliko zote. Kisahani kingekuwa mkononi mwake mwenyewe, mita 48 kutoka mstari wa lango la wapinzani. Wachezaji watano wangesimama mbele yake kwa safu ya wima katikati ya uwanja, na pande mbili zikabaki wazi. Mtu wa mwisho katika safu angekimbia kuja kwake, akakidaka kisahani mita 12 mbele. Wakati huohuo mtu wa nne angepiga hatua kama mita tano kuja, ili mlinzi wake adanganyike. Kisha angegeuka ghafula na kukimbia mita 35 kuelekea lango, ambako njia ilikuwa imeachwa tupu na yule aliyekuja. Mdakaji wa kwanza angegeuka, akarusha mrusho mrefu, na kisahani na mkimbiaji wangekutana mita mbili ndani ya lango.

Katika kioo mbinu hiyo ilikuwa nzuri kama ushanga uliotungwa vema. Kiduara cha mwisho kilikuja, cha nne kilikwenda, cheupe kilipaa, na viwili vikagusana mahali palepale kila mara. Nahodha aliitazama mara nyingi, na kila mara ilifaulu.

Mtu wa nne hakuwa mtu mwingine ila rafiki yake. Alimtangulia chuoni kwa mwaka mmoja, naye ndiye aliyemfundisha kurusha kwa vidole viwili, katika majira ya baridi, mikono yao ikiwa imekufa ganzi, hata nahodha akaweza mrusho ule uliomshinda muda mrefu. Hakuwa mwepesi wa miguu kuliko wote, lakini alikuwa mwepesi wa macho: alijua mahali patakapokuwa wazi kabla hapajawa wazi.

Katika mazoezi mbinu ilianguka. Mdakaji wa kwanza alikidaka, akageuka, akarusha mara moja kama mchoro ulivyoagiza. Kisahani kikafika langoni na kutua majanini huku rafiki angali nusu ya njia. Wakajaribu tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu mdakaji aliona afadhali angoje. Hesabu ya mlinzi ikafika sita, ikafika saba, walinzi wengine wakang'amua hila na kurudi nyuma, na kisahani kilipotoka kiliangukia mikononi mwa adui. Nahodha alimwambia rafiki yake akimbie zaidi. Akakimbia zaidi. Nahodha akamwambia hauangalii mchoro. Akajibu kwamba ameuangalia mpaka macho yamemuuma.

Siku ya mashindano ilikuwa na upepo. Kisahani ni ndege asiye na mbawa. Kinachokiweka hewani ni mwendo wake na mzunguko wake, na upepo una haki juu ya vyote viwili. Ukija usoni mwa mrushaji hukiinua na kukisimamisha. Ukitoka mgongoni hukigandamiza chini. Tena kisahani hakiendi moja kwa moja kama mstari wa rula. Kirushwacho kwa mkono wa kulia, kwa mtindo wa kupitisha mkono mbele ya kifua, huinamia kushoto kasi yake inapopungua. Mambo haya nahodha aliyajua mkononi, lakini hayakuwamo katika mchoro, ambamo kiduara cheupe kilinyooka kama uzi. Mbinu ile iliitwa mara mbili katika mchezo, na mara zote mbili kisahani kilipotea. Baada ya mara ya pili nahodha alimtoa rafiki yake, akasema mbele ya wenzake wote: "Mbinu ni sahihi. Miguu yako ndiyo haitoshi."

Rafiki hakujibu. Aliketi kando ya mstari, akafungua kamba za viatu vyake taratibu, akazifunga tena. Timu ikashindwa. Juma lililofuata hakuonekana mazoezini, wala la pili. Na viduara saba katika kioo cha nahodha viliendelea kufaulu bila yeye, kwa kuwa kiduara hakina jina.

Ilikuwa baada ya juma la pili ndipo nahodha alipokaa kumtafuta mtu mwingine wa kushika nafasi ya nne. Alifikiri, kwa uangalifu wa mwanafunzi, kuwa ingefaa kwanza kujua mbio ngapi zahitajika, ili achague kwa haki. Akaupima mchoro wake. Kutoka picha ya pili, ambapo mtu wa kwanza hudaka, hata picha ya tatu, ambapo bao hupatikana, aliupa muda wa sekunde tatu. Katika sekunde hizo tatu kiduara cha nne kilikuwa kimegeuka na kwenda mita 35. Hesabu hiyo ikamtia wasiwasi. Akakumbuka kwamba Usain Bolt, mjini Berlin mwaka 2009, siku alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 na kuweka rekodi ya dunia, alikuwa amepita mita 20 tu zilipotimia sekunde 2.89 tangu mlio wa bastola. Akatoka nje usiku ule na saa yake, akapima mita 35 katika majani, akazikimbia mwenyewe baada ya kugeuka, mara tatu. Hapana mara iliyopungua sekunde tano. Alirudi ndani akihema, na hakuweza kukaa.

Programu haikusema uongo. Ilitenda kama ilivyoambiwa. Mpangaji huipa picha mbili na muda ulio kati yake, nayo huugawa umbali wa kila kiduara sawasawa kwa muda huo. Kiduara chenye mita mbili za kwenda na kiduara chenye mita 35 huondoka pamoja na hufika pamoja. Hakuna kinachohema, hakuna kinachoteleza, hakuna kinachohitaji nafasi ya kugeuka. Aliyeondoa uzito wa mwili katika miguu ya watu alikuwa nahodha mwenyewe, kwa kidole chake. Tena viduara vya adui, ambavyo kila mara vilidanganyika, vilidanganyika kwa sababu yeye ndiye aliyevisogeza mpaka mahali pa kudanganyikia. Alikuwa amecheza na nafsi yake usiku mwingi, na kila usiku alijishinda na kujipongeza.

Mtu ajuaye bao la Kiswahili atakielewa kitu hiki upesi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete haina hiari. Ikitiwa shimoni hukaa shimoni. Kwa hiyo katika bao kosa ni la mchezaji, na hapana mchezaji aliyepata kuilaumu kete kuwa haikufika. Nahodha aliwachukua watu akawafanya kete, jambo ambalo wapangaji wote hulifanya kwa dharura, na dharura hiyo ina udhuru. Lakini waliposhindwa aliwalaumu kama watu. Hilo halina udhuru. Ama ni kete, na lawama ni ya mwenye mkono. Ama ni watu, na walipaswa kuulizwa.

Hapo ndipo kanuni ya mchezo wake ilipomkamata. Kwa miaka mitatu alikuwa amejizoeza kuinua mkono na kukiri makosa ya mwili: nimekugonga, nimekanyaga nje, hesabu yangu ilikwenda mbio. Alijivunia kuwa mkweli uwanjani, na wapinzani walimsifu kwa hilo. Sasa aliona kuwa uwanja una mipaka mipana kuliko mistari yake. Kosa alilomfanyia rafiki lilikuwa kosa la mchezo sawasawa na kumsukuma mtu angali hewani. Na kwa kuwa halikuwa na mwamuzi, lilimngoja yeye aliyelitenda.

Alikwenda kwa rafiki yake asubuhi, akamwonyesha mchoro na saa. Hakuleta maneno mengi. Alisema sekunde zilikuwa tatu, na kwamba hazitoshi kwa binadamu yeyote, na kwamba alilijua hilo siku mbili baadaye kuliko alivyopaswa kulijua; kisha akajisahihisha, akasema si siku mbili, ni majuma mawili na siku zote zilizotangulia. Rafiki aliutazama mchoro ukitembea mpaka mwisho, akasema: "Ulinichora, lakini hukuniuliza." Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na kwa sababu hiyo maneno yalimwingia nahodha zaidi. Alipoulizwa kama atarudi, alisema atafikiri.

Jioni ya mazoezi yaliyofuata nahodha aliyasema makosa yake mbele ya wale wale waliomsikia akimlaumu mwenzake, maana tusi la hadharani haliponywi faraghani. Rafiki alikuwapo, amesimama nyuma kidogo, viatu mkononi. Kisha nahodha aliiweka kompyuta juu ya benchi, akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya: aliwaachia wenzake kidole. Kila mtu alikisogeza kiduara chake mwenyewe na kutaja sekunde anazozihitaji. Wawili wakapewa viduara vya adui, wakaamriwa wasidanganyike kwa hisani. Mbinu ile nzuri ilivunjika mara moja mbele yao, wakacheka. Zamu ya rafiki ilipofika, alikivuta kiduara cha nne nyuma ya wakati. "Nipe sekunde mbili kabla hajakidaka," akasema. "Nikingoja mpaka akidake, nimekwisha chelewa. Na nikimwona mlinzi amebaki nyuma kunilinda, sitakwenda kabisa; nitarudi." Nahodha akauliza jinsi mrushaji atakavyojua kama anakwenda au anarudi. Rafiki akajibu kuwa atajua kwa kumtazama yeye, badala ya kuutazama mchoro katika fikra zake.

Mchoro mpya haukuwa na uzuri wa ule wa kwanza. Ulikuwa na matawi mawili kama njia ya porini, na viduara vyake vilifika kwa nyakati mbalimbali, vingine vikisimama kungoja. Lakini ulikuwa mchoro wa watu. Katika mashindano ya mwisho wa majira waliuita mara nne. Mara moja ulikwenda kama ulivyochorwa na kuleta bao. Mara moja kisahani kilichukuliwa na upepo. Mara moja rafiki aliona njia imezibwa, akarudi, akapokea mrusho mfupi, na kisahani kikapona. Na mara moja likatokea jambo ambalo halikuwa katika tawi lolote: mdakaji wa kwanza aliteleza, nahodha akakimbilia pengo lile pasipo kuitwa, na rafiki, aliyeona pengo kabla yake, alikuwa amekwisha ondoka kwenda upande wa pili. Wakafunga bao ambalo hakuna aliyelipanga. Nahodha alisema baadaye kuwa hilo ndilo lililomfundisha mchoro ni wa nini. Watu waliokaa pamoja juu ya kioo kimoja, wakabishana kuhusu sekunde, walikuwa wamejifunza kuonana. Na walipoonana, waliweza kutenda hata lile lisilochorwa.

Chombo kipya si adui wa busara, wala si badala yake. Kioo cha kompyuta kilimwonyesha kijana yule uwanja wote kwa mara moja, neema ambayo waliocheza Maplewood chini ya taa hawakuipata. Na kioo hichohicho kilimficha mtu mmoja aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Aonaye kutoka juu huona njia, lakini haoni miguu. Kwa hiyo mwenye kupanga kwa ajili ya wengine, awe nahodha, mwalimu au mtawala, na apange kwa bidii yake yote. Kisha kabla ya kuihifadhi picha ya mwisho, ashuke akaulize kila kiduara kinahitaji sekunde ngapi. Na mpango ukivunjika, na aupime kwanza mkono wake mwenyewe, kabla ya kuipima miguu ya mwenziwe.